Usalama, Vitambulisho na Polisi: Jua Mlango wa Kubisha

Mkazi anayefuatilia kitambulisho kilichochelewa, mifugo iliyoibwa au jamaa aliyekamatwa huweza kupoteza siku nzima na nauli akienda ofisi isiyohusika. Makala haya yanaeleza nani anawajibika kwa lipi.

Kazi ya serikali ya kitaifa

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa serikali ya kitaifa jukumu la polisi, uhamiaji na uraia. Kaunti haitoi vitambulisho, na gavana hawezi kuwaamuru polisi. Askari wa kaunti hutekeleza sheria za kaunti; si sehemu ya Huduma ya Taifa ya Polisi.

Majukumu hayo yako chini ya Wizara ya Usalama wa Ndani na Utawala wa Kitaifa. Idara yake ya Usalama wa Ndani husimamia kamishna wa kaunti, manaibu wake, machifu na manaibu wa chifu. Kamishna ndiye mwenyekiti wa kamati ya usalama ya kaunti. Idara ya Uhamiaji na Huduma kwa Raia hushughulikia pasipoti, vibali vya wageni, vitambulisho na vyeti vya kuzaliwa na vya kifo.

Mipaka ya waziri

Kifungu cha 245 cha Katiba kinamruhusu waziri kumpa Inspekta Jenerali wa Polisi maelekezo ya kisera, tena kwa maandishi. Hata hivyo, hakuna mtu anayeweza kumwelekeza kuhusu uchunguzi wa kosa fulani, kumkamata mtu fulani, au kuajiri, kupandisha cheo na kumfuta kazi afisa. Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma pekee ndiye anaweza kumwagiza achunguze kosa. Mpaka huu humlinda mwananchi: polisi wasitumiwe kulipiza visasi vya kisiasa.

Nafasi ya kaunti

Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 inaweka Mamlaka ya Polisi ya Kaunti, inayoongozwa na gavana au mjumbe wa kamati kuu ya kaunti anayemteua. Wakuu wa polisi, wawakilishi wadi na wakazi, wakiwemo wanawake, vijana na watu wenye mahitaji maalum, huketi pamoja. Hupendekeza vipaumbele vya usalama, hufuatilia mienendo ya uhalifu na kuhimiza polisi jamii. Mamlaka hii haiendeshi kesi wala kuamuru mtu akamatwe.

Ukikwama, fanya hivi

• Kitambulisho: anza kwa chifu au ofisi ya usajili wa watu ya kaunti ndogo. Kikipotea, piga ripoti kwanza kituo cha polisi.

• Uhalifu: ripoti kituoni na uhakikishe umepewa nambari ya OB. Bila nambari hiyo ni vigumu kufuatilia kesi. Kwa dharura piga 999 au 112.

• Jamaa amekamatwa: ana haki ya kuelezwa sababu mara moja katika lugha anayoielewa, na kufikishwa kortini kabla ya saa 24 kwisha. Muda huo ukiisha nje ya saa za korti, au siku isiyo ya korti, hufikishwa siku ya korti inayofuata.

• Polisi amekudhulumu: peleka malalamishi kwa Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi (IPOA), iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Andika tarehe, mahali na nambari ya afisa ukiijua.

• Eneo lenu halina usalama: fikisha suala hilo kwenye baraza la chifu na kwa mwakilishi wadi wenu, ili lijadiliwe katika ngazi ya kaunti.