Mizizi nayo hupumua

Swali: Nauza mitumba Gikomba. Mche wangu wa parachichi uko kwenye mkebe wa rangi. Naumwagilia kila siku na kuutia mbolea, mbona majani yanageuka manjano?

Jibu: Huenda maji yamezidi. Sukari inayotengenezwa na majani hushuka mizizini, ikaunguzwa kwa oksijeni kutoa nguvu za kurefusha ncha na kuvuta nitrati, kirutubisho cha mbolea. Kuvuta huko ni kazi ngumu: mara nyingi seli za mzizi tayari zina nitrati nyingi kuliko udongo. Udongo ukijaa maji, oksijeni haifiki vizuri, maana husambaa majini polepole takriban mara 10,000 kuliko hewani. Mzizi ukikosa hewa hauvuti nitrati ya kutosha, majani hugeuka manjano na mbolea ni pesa iliyopotea, na mparachichi ni mwepesi kuoza mizizi. Toboa mkebe chini, ongeza mchanga, subiri udongo wa juu ukauke. Na kama mabati ya kibanda yanauzibia mche jua, uhamishe, maana bila jua majani hayatengenezi sukari.