TUWASAIDIE NDEGE NA WANYAMA WAKATI WA KIANGAZI

Mwezi wa Septemba hapa Rungwa unaujua vizuri. Mvua zilikwisha tangu Aprili. Majani yamekauka, vumbi linapeperuka, na vijito vingi vimebaki mchanga mtupu. Kina mama wanaamka alfajiri kwenda kufukua visima mchangani. Sasa tazama pembeni ya kisima. Utawaona njiwa, chiriku na kanga wanasubiri. Mtu akiondoka tu, wanashuka kugombania matone yaliyomwagika.

Wengine wetu tukiwaona hivyo tunafurahi. Tunasema, "Kitoweo kimejileta chenyewe." Watoto wanachukua manati. Vijana wanapaka ulimbo kwenye vijiti. Mnyama mwenye kiu hana akili ya kukimbia, kwa hiyo wanakufa wengi kwa siku moja.

Katika somo hili tutajifunza kwa nini inafaa tuwasaidie viumbe hawa, na namna ya kuwasaidia bila kujiumiza sisi wenyewe.

1. KILA NCHI INA MAJIRA YAKE YA NJAA

Huko Ulaya majira ya shida ni ya baridi kali, tangu Desemba mpaka Februari. Theluji hufunika ardhi na wadudu hutoweka. Watu wengi huko huwawekea ndege mbegu na mafuta nje ya nyumba zao, ili wasife.

Sisi hatuna theluji. Kipupwe chetu cha Juni na Julai ni baridi ya kujifunika blanketi tu. Majira yetu ya shida ni kiangazi. Vichaka vya Itigi hupukutisha majani yote. Wadudu hupungua, mbegu huisha, maji hukauka.

Ndege wengine wa Ulaya huikimbia baridi yao wakaja kwetu. Mbayuwayu wengi na korongo weupe hufika kuanzia Oktoba na Novemba, wakaondoka Machi na Aprili. Basi tusiseme ndege ni wa Rungwa peke yake. Mbayuwayu unayemwona juu ya paa lako, huenda alizaliwa zizini kwa mkulima wa Ulaya. Amekuja kwetu kama mgeni, na mgeni hukaribishwa kwa maji.

2. WANATUSAIDIA NINI?

Mzee mmoja akisoma hapa atauliza, "Ndege anakula mtama wangu, nimsaidie kwa lipi?" Swali hilo ni la haki. Tulijibu polepole.

Kwanza, mlembe. Wengine humwita ndege wa asali. Warina asali wa pori letu wanamjua. Anakuja karibu na mtu, analia, anaruka mti mpaka mti, mpaka anamfikisha kwenye nyuki. Mtu anachukua asali, naye mlembe anapata nta na majana. Mwaka 2016 wataalamu walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kwa Wayao wa Niassa, nchini Msumbiji. Waliona kwamba mrina asali akimwita mlembe kwa mlio wa jadi, bahati yake ya kupata nyuki ni zaidi ya mara tatu kuliko asipomwita kwa mlio huo. Hapa Tanzania Wahadzabe wa Ziwa Eyasi nao humwita, ila kwa mluzi.

Pili, bundi. Watu wanamwogopa, ati ni ndege wa wachawi. Wanampiga mawe. Lakini bundi usiku anawinda panya. Na panya ndiye anayekula mahindi yako ghalani. Ukimuua bundi, umemfurahisha panya.

Tatu, korongo. Viwavijeshi wanapovamia mashamba mwanzoni mwa mvua, korongo huwala kwa wingi.

Nne, tumbusi. Huyu hufagia mizoga kabla haijaoza na kueneza magonjwa. Hatudai mshahara tukimwona, wala yeye hatudai.

Kweli, wako ndege waharibifu. Kwelea kwelea ni adui wa mtama na uwele. Wakionekana makundi makubwa, mpeni habari mtendaji wa kijiji na bwana shamba mapema. Serikali hunyunyizia dawa ya sumu. Ndege aliyekufa kwa dawa hiyo asiliwe kamwe. Lakini kwelea mmoja asitufanye tuwachukie ndege wote. Mwizi mmoja hakifanyi kijiji kizima kuwa cha wezi.

3. MAJI YENYEWE HATUNA!

Hapa ndipo penye neno zito. Mama aliyetembea saa mbili na ndoo kichwani atasema, "Nyinyi wa gazeti mna mzaha. Watoto wangu hawaogi, nimpe maji njiwa?"

Mama, hatufanyi mzaha. Tupige hesabu pamoja. Chukua kalamu.

Tuseme tunaweka nusu lita kila siku, kuanzia tarehe 1 Julai mpaka tarehe 31 Oktoba.

Julai siku 31
Agosti siku 31
Septemba siku 30
Oktoba siku 31
Jumla siku 123

Siku 123 mara nusu lita ni lita 61 na nusu. Ndoo yetu ni ya lita 20. Kwa hiyo ni ndoo tatu, na lita moja na nusu juu yake. Ndoo tatu kwa miezi minne!

Tena si lazima yawe maji safi ya kunywa. Maji uliyooshea mboga au mchele yanafaa, mradi hayana sabuni wala chumvi. Na kama nyumba kumi zitapeana zamu, kila nyumba itatoa nusu lita mara moja kwa siku kumi. Nyumba yenye mgonjwa au mzazi mchanga isihesabiwe kwenye zamu. Haki ya mtu kwanza, kisha haki ya ndege.

4. NAMNA YA KUTENGENEZA KINYWEO

(a) Tafuta kigae cha chungu kilichovunjika, au sinia kuukuu. Kina chake kisizidi vidole vitatu. Ndege mdogo akitumbukia penye kina kirefu atakufa.

(b) Weka mawe machache na vijiti ndani, vitokeze juu ya maji. Nyuki watatua hapo wanywe bila kuzama. Mwenye mizinga atafaidi.

(c) Kiweke kivulini, karibu na mti, lakini si kwenye kichaka kinene. Paka hujificha kichakani.

(d) Kiwe mbali na kuku. Ugonjwa wa mdondo unaua kuku wengi wakati wa kiangazi, na ndege wa porini wanaweza kuuchukua. Wachanje kuku wako kwa chanjo ya matone ya jichoni kila baada ya miezi mitatu. Muulize bwana mifugo.

(e) Kila asubuhi mwaga maji ya jana kwenye shina la mti, sugua chombo kwa mchanga, weka mengine. Usiyaache siku nyingi. Mbu hutaga humo, na viluwiluwi vyao hugeuka mbu kwa muda wa juma moja hivi.

(f) Ukianza, usiache katikati ya Oktoba kwenye joto kali. Ndege wameshazoea kuja kwako.

Kama mtama wako bado uko shambani, subiri. Vuna kwanza, ndipo uweke kinyweo.

5. CHAKULA KITOKE MTINI, SI GHALANI

Hatukushauri umwage nafaka nje. Wazungu wanaweka mbegu kwa sababu theluji imefunika kila kitu. Kwetu nafaka ya uani itawaita panya na ngedere. Ngedere akizoea kula uani, kesho yuko jikoni.

Chakula cha ndege wetu kiko mitini. Miti mingi ya miombo huchipua majani mapya hata kabla ya mvua, mnamo Septemba na Oktoba. Majani hayo huleta wadudu, na wadudu huwalisha ndege na makinda yao. Kwa hiyo kazi yetu ni kuilinda miti.

Acha mkuyu unaozaa. Acha na mti mkavu wenye matundu. Wewe unaona kuni. Hondohondo anaona nyumba yake ya kutagia. Usichune gome la mtundu au myombo kuzunguka shina lote ili kutengeneza mzinga. Mti huo utakufa. Tumia mzinga wa mbao, au gogo la mti ulioanguka.

Na moto je? Moto wa mwishoni mwa kiangazi ni mkali sana. Unaua miti, viota, kobe na nyuki. Mrina asali asiache mwenge wake ukiwaka. Mwenye kusafisha shamba akate kinga ya moto kwanza, awaite majirani, na awashe jioni upepo ukitulia. Lakini kwanza apate ruhusa ya kijiji.

6. WANYAMA WAKUBWA WAPEWE NJIA

Sisi tunakaa jirani na Pori la Akiba la Rungwa. Pori hili lina historia. Mwaka 1910, wakati wa Wajerumani, sehemu hii ilitengwa kwa jina la Saba. Mwaka 1946 Waingereza wakaiita Rungwa. Mwaka 1964 sehemu ya kusini ikawa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Kwa hiyo tembo wa Ruaha na wa Rungwa ni jamaa moja, na njia zao ni za zamani.

Usimwekee tembo, nyati wala nyani maji karibu na nyumba. Huo si wema, ni kuita kifo. Msaada wao ni huu: chota maji mchana, ondoka mtoni kabla ya jua kuzama, usilale pale, na usizibe mto kwa miiba kutoka ng'ambo hii mpaka ile. Usiku ni zamu yao. Ukifanya hivyo unajilinda na wewe mwenyewe.

Ndani ya pori la akiba usiingie bila kibali. Kuwinda bila leseni ni kosa kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Mnyama akivamia mashamba au akiumia, mwarifu mtendaji wa kijiji, naye awaite askari wa wanyamapori.

7. SUMU NI ADUI WA WOTE

Fisi akila mbuzi, mwenye mbuzi huona uchungu. Wengine hutia sumu kwenye mzoga uliobaki. Tunawaomba ndugu zetu waache. Sumu haichagui. Mzoga mmoja huweza kuua tumbusi makumi kwa makumi, na katika Afrika ndege hawa wamepungua sana. Mbwa wako naye atakula. Mtoto mwenye njaa akiokota nyama ile, itakuwaje? Na wale wanaotia sumu majini ili kupata ndege au samaki, wakumbuke kwamba mama zao wanachota hapo hapo. Imara zaidi ni zizi la miiba lililozibwa vizuri na mbwa macho.

Ndugu msomaji, hatukuombi mambo makubwa. Kigae kimoja, nusu lita, na mti mmoja usiokatwa. Haba na haba hujaza kibaba.

KAZI YA KUFANYA

Chukua daftari lako la kisomo. Kila asubuhi kwa siku saba andika tarehe, jina la ndege aliyekuja kunywa, na idadi. Kama hujui jina lake la Kiswahili, andika la Kikimbu, la Kinyamwezi au la Kinyaturu. Halafu msomeane kikundini.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini kinyweo kiwekwe mbali na kuku?
2. Nyumba 12 zinapeana zamu ya nusu lita. Kwa siku 123, kila nyumba itatoa lita ngapi, kwa makadirio?
3. Kijijini kwenu nani anatia sumu, na kwa nini? Mfanye nini ili mifugo yake iwe salama bila sumu?
4. Ni miti gani ya matunda ya porini iliyokuwapo ulipokuwa mtoto na sasa haipo?

MAANA YA MANENO

Kinyweo: chombo cha kunywea.
Majana: watoto wa nyuki wakiwa bado ndani ya masega.
Kinga ya moto: ukanda uliofyekwa ili moto usivuke.
Ulimbo: utomvu unaonata wa kunasia ndege.