Ghala la msimbo: lifunguliwe kwa jina la biashara

Ukurasa huu kwa kawaida hutazama mali zenye bei sokoni. Somo la wiki hii linahusu mali isiyoonekana rafuni, ingawa fedha za wafanyabiashara wengi wadogo zinaingia humo: programu za kompyuta za kuendeshea mauzo, stoo na madeni.

Utaratibu uliozoeleka ni huu. Wabia wawili watatu wanachanga fedha na kumlipa fundi wa programu. Maandishi ya programu hiyo, yaani msimbo, yanakaa katika kompyuta ya fundi peke yake. Siku fundi akipata ajira kwingine, au kompyuta ikiibwa, wabia wanabaki na programu wanayoweza kuitumia lakini wasioweza kuirekebisha. Kiwango cha kodi kikibadilika, inawabidi walipie kazi ile ile mara ya pili.

Kinga ya hasara hiyo ni ghala la pamoja la msimbo. Chombo kinachotumika zaidi ni Git, kilichoanzishwa mwaka 2005 na Linus Torvalds. Git ni kama leja: kila badiliko huingizwa pamoja na jina la aliyelifanya, tarehe, saa na maelezo mafupi. Kosa likigundulika, hali ya awali hurejeshwa. Aidha, kila mshiriki anayechukua nakala kamili hupata pia historia yote ya kazi.

Ghala lenyewe huwekwa kwa kampuni zinazotoa huduma hiyo katika intaneti, kama GitHub, GitLab na Bitbucket. GitHub ilianza mwaka 2008, na mwaka 2018 Microsoft iliinunua kwa hisa zenye thamani ya dola za Marekani bilioni 7.5. Tangu Aprili 2020 GitHub inaruhusu maghala ya faragha yenye washiriki wengi bila malipo. Hivyo basi, gharama si kikwazo kwa anayeanza.

Namna ya kufungua

Kwanza, mwenye biashara afungue akaunti kwa anwani ya barua pepe ya biashara, si ya fundi. Hapo ndipo umiliki unapoamuliwa, kwani mwenye akaunti ndiye anayeweza kumkaribisha mtu, kumwondoa, au kulifuta ghala zima.

Pili, chini ya akaunti hiyo afungue akaunti ya taasisi yenye jina la biashara, na awepo mmiliki wa pili, kwa mfano mbia, endapo wa kwanza atapatwa na dharura.

Tatu, awashe uthibitisho wa hatua mbili, na zile namba za dharura azichapishe na kuzifungia pamoja na hati za biashara.

Nne, afungue ghala, achague liwe la faragha, na aweke faili la maelezo linaloeleza programu inafanya nini na inawashwaje.

Tano, amkaribishe fundi kwa ruhusa ya kuandika tu, si ya umiliki.

Namna ya kujiunga

Fundi, au kijana wako anayejifunza, hupokea mwaliko kwa barua pepe na kuukubali. Akishasoma faili la maelezo, huchukua nakala kamili kwa amri ya git clone. Asifanye kazi kwenye shina; afungue tawi lake. Kila kipande cha kazi kinachokamilika akiingize kwenye leja kwa git commit, kisha akipeleke ghalani kwa git push. Mwisho huomba tawi lake liunganishwe na shina, na mwenzake hukagua kabla ya kukubali. Ni sawa na mizigo kuhesabiwa kabla ya kuingia stoo.

Tahadhari mbili

Nywila na funguo za benki au za malipo ya simu zisiwekwe ghalani kamwe, hata kama ghala ni la faragha. Mwaka 2016 wavamizi waliingia katika ghala la faragha la wahandisi wa Uber, wakakuta humo funguo za sehemu data ilikohifadhiwa, na kuchota taarifa za wateja na madereva milioni 57. Kampuni hiyo ilificha tukio hilo hadi mwaka 2017, na mwaka 2018 ilikubali kulipa dola milioni 148 kumaliza madai ya majimbo ya Marekani.

Hali kadhalika, usitegemee ghala moja. Mwezi Juni 2014 kampuni ya Code Spaces, iliyokuwa ikitunza msimbo wa wateja, ilivamiwa. Mvamizi alifuta data pamoja na nakala za akiba, na kampuni ikafunga shughuli zake. Mwenye biashara achukue nakala kamili kila mwisho wa wiki na kuihifadhi katika kompyuta yake au diski ya pembeni.

Kwa mwekezaji mdogo, haya yanaishia kwenye mkataba. Andikeni kwamba msimbo ni mali ya biashara, na kwamba kila awamu ya malipo itatolewa baada ya kazi ya awamu hiyo kuonekana ghalani. Kabla hujasaini hundi, fungua ghala mwenyewe na utazame tarehe ya badiliko la mwisho. Ikiwa ni ya miezi miwili iliyopita, muulize fundi kazi ya miezi hiyo iko wapi, kisha ndipo uamue kulipa.