Moshi wa barazani na mtoto mwenye pumu

SWALI: Daktari, nina hoteli ndogo ya chai huku Chewele. Wazee na vijana wa bodaboda huvutia sigara barazani, chini ya makuti, karibu na mlango. Nina mimba ya miezi sita na mwanangu wa miaka minne ana pumu. Shemeji husema moshi wa nje haudhuru, upepo huuchukua. Tena nikiwakataza watahamia kwa jirani. Nifanyeje?

JIBU: Mama, shemeji ana neno katika jambo moja: uwanjani palipo wazi moshi hutawanyika upesi. Lakini baraza lenye paa si uwanja. Moshi hugota kwenye makuti, kisha hutafuta pa kuingilia, na mlango wako ndio huo.

Sehemu kubwa ya moshi mnaouvuta nyinyi haikupita kifuani mwa mvutaji. Hutoka kwenye ncha inayojiwakia yenyewe, sigara ikiwa kidoleni na mwenyewe anapiga soga. Hapo tumbaku huungua kwa joto dogo, vibaya vibaya, na sumu huzidi. Mwaka 1981 Takeshi Hirayama wa Japani alionyesha kuwa wanawake wasiovuta, ila waume zao wanavuta, walikufa zaidi kwa saratani ya mapafu. Makampuni ya tumbaku yalimpinga kwa miaka. Mwaka 2006 Daktari Mkuu wa serikali ya Marekani akatamka kuwa hakuna kiasi cha moshi huo kilicho salama.

Mwanao yuko hatarini zaidi ya wateja wako wote. Mtoto hupumua haraka kuliko mtu mzima, na njia zake za hewa ni nyembamba. Kwa mwenye pumu moshi kidogo watosha kuzibana. Aliye tumboni naye aweza kuzaliwa na uzito mdogo. Shemeji akikumbusha moshi wa kuni, mwambie ni kweli, nao unaumiza. Uhamishe jiko nyuma, hewa ipite. Kosa moja halihalalishi jingine.

Kuhusu wateja, sikulaumu kuogopa. Shirika la utafiti wa saratani lililoko Lyon, Ufaransa, lilikagua tafiti nyingi na kueleza mwaka 2009 kwamba mikahawa haipotezi biashara kwa kukataza sigara. Nyingi ya tafiti hizo ni za nchi tajiri, na huko hakuna mteja mmoja ambaye akinuna, mauzo ya asubuhi nzima yanayumba. Lakini jirani yako naye amefungwa na sheria ileile. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya Kenya ya 2007, iliyoanza kutumika Julai 2008, inakataza kuvuta mahali pa kula: faini hadi shilingi 50,000, au kifungo hadi miezi sita, au vyote viwili. Bandika tangazo la kukataza sigara. Kisha nenda kwa jirani mkubaliane siku moja ya kuanza, na mwiteni afisa wa afya ya umma awaeleze wateja, lawama zisikuangukie wewe.

Wazee usiwafokee. Ondoa visahani vya majivu, weka benchi chini ya mti ulio mbali, na chai ipelekwe hukohuko, lakini asiipeleke mtoto.

Kwenye kliniki ya wajawazito, mweleze muuguzi habari ya moshi. Mtoto akianza kuvuta pumzi hadi mbavu zinaingia ndani, au akashindwa kumaliza sentensi, mpe dawa yake ya kuvuta na umkimbize hospitali saa hiyohiyo, hata iwe usiku.