Mzazi Asiitwe Shuleni kwa Mchango Tu

Katika shule nyingi za msingi Tanzania, mzazi huitwa kwa mambo mawili: mtoto ana kosa, au kuna mchango. Ndiyo maana barua ya wito ikifika nyumbani, mtu huuliza kwanza, "Shilingi ngapi?" Kwa hofu hiyo, wengi hawaendi.

Tangu elimumsingi bila malipo ianze Januari 2016, wapo wazazi wanaoamini kwamba kila kitu ni cha Serikali. Sivyo. Serikali ilifuta ada na michango ya lazima, nayo hupeleka fedha za uendeshaji zinazokokotolewa, kwa shule ya msingi, kwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Sare, madaftari, kalamu na chakula cha mchana vimebaki kwa mzazi. Mtoto hafukuzwi shule kwa sababu kwao hawajachanga, na mwalimu mkuu alitamke hilo mbele ya wazazi wote.

Kwenye chakula ndipo ushirikiano unapopimwa. Vijijini, kusanyeni wakati wa mavuno. Mahindi yakiwa bado ghalani, debe moja linatoka bila manung'uniko. Mkisubiri Februari, mnamdai mtu anayenunua unga kwa kilo. Kiasi kipangwe na wazazi wenyewe mkutanoni na kiandikwe kwenye muhtasari. Asiye na shamba alete kuni au achukue zamu ya kupika. Kila debe liingie kwenye daftari la mapokezi, na kila mwisho wa mwezi karatasi ibandikwe kwenye ubao wa matangazo: magunia yaliyoingia, yaliyopikwa, yaliyobaki. Kwa maoni yangu, mzazi huchoka zaidi kwa kutojua chakula kimekwenda wapi kuliko kwa kukitoa.

Kamati ya shule husimamia mipango na fedha. Kwa mambo ya darasani, tumieni Ushirikiano wa Wazazi na Walimu, yaani UWAWA, wenye wawakilishi wa wazazi. Mtoto akikosekana siku mbili tatu, mwalimu wa darasa amwambie mwakilishi anayeishi jirani, naye apite nyumbani wiki hiyohiyo. Jirani akibisha hodi, mama atamweleza kama mtoto anauguza bibi yake au amepelekwa kuchunga; barua ya shule haiambiwi hayo.

Mikutano isiwekwe siku ya mnada wala asubuhi ya palizi. Kwa mujibu wa sheria, mkutano mkuu wa kijiji hufanyika angalau kila baada ya miezi mitatu. Mwalimu mkuu amwombe mwenyekiti wa kijiji robo saa katika mkutano huo, aeleze mahudhurio na usomaji, na siku hiyo asiombe fedha.

Nawe mzazi, usijiweke kando kwa kuwa hukusoma sana. Fungua daftari la hisabati la mwanao. Tazama tarehe ya kazi ya mwisho, kisha tazama kama imesahihishwa. Mwambie akusomee ukurasa mmoja kwa sauti. Akisitasita kila neno, utasikia mwenyewe. Ukikuta wiki mbili hazina kazi, nenda kwa mwalimu kwa adabu, ukiwa na daftari mkononi.

Kabla ya likizo ijayo, nenda shuleni hata kama hujaitwa. Muulize mwalimu wa darasa: mwanangu anakwama wapi, na nyumbani nimsaidie nini?