Nani Msemaji wa Maji ya Ziwa Letu?

Elimu kwa umma kuhusu dola, mamlaka yake na maslahi ya taifa, kwa wakazi wa Mukendo na wilaya za Musoma, Bunda na Butiama

Ukishuka kutoka Mukendo kwenda ziwani alfajiri, utawakuta akina mama wamekunja khanga hadi magotini, wanainamisha ndoo majini. Kila mmoja huisukuma ndoo yake kidogo kwanza, povu na majani yapite, ndipo achote. Hakuna anayewaza kuomba ruhusa. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka 30 ziwa hili lilikuwa na msemaji wa mbali.

Tarehe 7 Mei 1929 Uingereza na Misri zilibadilishana barua mjini Kairo. Katika nchi zilizokuwa chini ya Waingereza, pasingejengwa mradi wa umwagiliaji au wa umeme juu ya Mto Nile, matawi yake au maziwa unakotoka, ikiwa mradi huo ungeathiri maji ya Misri, mpaka Misri iwe imekubali. Ziwa Victoria likaingia humo. Ndoo ya mama haikuguswa, bali uamuzi wa kuyapeleka maji kwenye mashamba au kuyageuza umeme. Mjita hakuulizwa, wala Mkwaya, Mruri au Mzanaki. Kule Butiama, mtoto mmoja wa Chifu Burito alikuwa na umri wa miaka saba.

Mtoto huyo, Julius Nyerere, ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Ili nchi iitwe dola inahitaji watu wake, eneo lenye mipaka, serikali, na uwezo wa kushughulika na mataifa mengine kwa jina lake yenyewe. Matatu ya kwanza tunayaona kila siku. La nne husahaulika, na ndilo lililokuwa gumu, kwa sababu mkoloni alikuwa ametia saini mikataba mingi akituwekea masharti.

Chukua mfano wa mirathi. Msimamizi amelikodisha shamba la yatima. Yatima akikua, je, afungwe na kila alichoandikisha msimamizi? Nigeria, ilipopata uhuru mwaka 1960, ilikubali kurithi mikataba ya Waingereza. Nyerere hakuifuata njia hiyo. Tarehe 30 Novemba 1961, siku chache kabla ya uhuru, alilieleza Bunge msimamo wake: mikataba ya nchi mbili mbili ingeendelea kutumika kwa miaka miwili huku tukiipitia mmoja mmoja. Ule ambao tusingeuafiki upya ungekoma, isipokuwa ule unaolindwa na sheria za kimataifa zenyewe. Ulikuwa uamuzi wa hekima. Hakuichana mikataba kwa hasira, wala hakuibeba yote kama mzigo wa punda. Wataalamu wa sheria duniani wanaufundisha hadi leo kwa jina lake.

Kisha ikaja zamu ya maji. Tarehe 4 Julai 1962 serikali ya Tanganyika iliziandikia Uingereza, Misri na Sudan kwamba mkataba wa 1929 hauifungi.

Hiyo ndiyo maana ya mamlaka kamili ya dola: hakuna mwingine wa kuiamulia ndani ya mipaka yake. Maslahi ya taifa ni yale ambayo mamlaka hayo yapo ili kuyalinda, na kuyalinda kuna gharama. Desemba 1965 Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu haikuwazuia walowezi wa kizungu waliojitangazia uhuru katika koloni lake la Rhodesia, na mkopo wake wa pauni milioni 7.5 kwetu ukazuiwa. Kwa nchi maskini, hizo zilikuwa fedha nyingi sana.

Ziwa lenyewe limeendelea kudai mazungumzo. Mwaka 1999 nchi za bonde la Nile zilianzisha ushirikiano wao Dar es Salaam. Mwaka 2010, Entebbe, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kutia saini mkataba mpya wa matumizi ya haki ya maji hayo. Ulianza kutumika Oktoba 2024, bila Misri wala Sudan. Tusiwabeze Wamisri: nchi yao karibu yote ni jangwa, na Nile ndio uhai wao.

Nasi wa Mara tuna sababu yetu ya kuwaelewa. Mto wetu wa Mara huanzia nyanda za Mau nchini Kenya, ukapita Maasai Mara na Serengeti kabla ya kuingia ziwani. Katika mto huu, sisi ndio tulio chini. Miti ikikatwa Mau, au maji yakichepushwa huko juu, hatuna amri ya kutoa ng'ambo ya mpaka. Tuna haki ya kuulizwa, ileile ambayo babu zetu walinyimwa mwaka 1929. Ukisimama juu ya daraja la Kirumi, yanayopita chini yako ni maji ya nchi mbili.