Nguzo Ipo Njiani, Taa Haipo Ndani: Maswali ya Umeme Kutoka Rungwe

Barabara ya lami itokayo Mbeya kwenda Kyela hupita Kiwira na Tukuyu, wilayani Rungwe, na nyaya za umeme huifuata. Usiku ukiingia, maduka ya kando ya barabara hung'aa. Lakini ukipinda, ukateremka kwa miguu kati ya migomba na mashamba ya chai, bado zipo nyumba ambamo mtoto hudurusu kwa tochi ya simu. Maswali yafuatayo ndiyo ambayo wenye nyumba kama hizo huuliza mara kwa mara. Mtaalamu wa umeme wa vijijini anayajibu.

Kijiji kinatajwa kuwa na umeme. Mbona nyumba nyingi hazina?

Kwa sababu kufikiwa na umeme si kuunganishwa. Kijiji huhesabiwa kuwa kimefikiwa laini ikishajengwa na transfoma kufungwa, hata kama inahudumia shule, zahanati na kaya chache tu. Utafiti wa nishati wa 2019/20, uliofanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu pamoja na Wakala wa Nishati Vijijini (REA), ulionyesha kuwa asilimia 78.4 ya wakazi wa Tanzania Bara waliishi maeneo yaliyofikiwa. Kaya zilizounganishwa zilikuwa asilimia 37.7, na vijijini asilimia 24.5 tu.

Tangu hapo kazi imesonga mbele. Vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa, na sasa macho yako kwenye vitongoji, ambavyo ni 64,359. Kwa Rungwe, kitongoji ndicho kipimo cha kweli. Nyumba za huku hazikusongamana. Kila moja imekaa ndani ya migomba yake, na vitongoji viwili vya kijiji kimoja vinaweza kutenganishwa na korongo la mto. Kuvuka korongo hilo kunataka nguzo, waya na pengine transfoma nyingine, kwa sababu laini ndogo ikivutwa mbali mno nguvu ya umeme hushuka, taa zikafifia na friji ikashindwa kuanza.

Bei ya kuunganishiwa umeme kijijini ni shilingi 27,000. Inalipia nini hasa?

Inalipia kuunganishwa: waya kutoka kwenye nguzo hadi nyumbani, pamoja na mita ya LUKU, yaani ya kulipia umeme kabla ya kuutumia. Ni nafuu kubwa. Mwaka 2013, hata baada ya bei kupunguzwa, mteja wa kijijini aliye ndani ya mita 30 bila kuhitaji nguzo alilipa shilingi 177,000.

Hailipii nyaya za ndani. Hapo ndipo wengi hukwama, na si haki kuwaita wazembe. Swichi, soketi, waya wa kwenda ardhini na ujira wa fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati, huweza kuzidi bei ya kuunganishwa mara kadhaa, na mkulima wa chai au ndizi hupata fedha kidogo kidogo. Mwenye nyumba ndogo aulizie kifaa kiitwacho UMETA, yaani Umeme Tayari: kina swichi na soketi zake, hivyo nyumba ya chumba kimoja au viwili haihitaji kutandazwa nyaya nyingi.

Bili haitamshinda mtu wa kipato kidogo?

Ikiwa matumizi ni ya kawaida, hapana. Mteja mdogo wa majumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hutozwa shilingi 100 kwa uniti, na kodi na tozo zikiongezwa inakuwa 122. Taa tano za LED za wati 7, zikiwaka saa tano kila usiku, hula uniti zipatazo tano kwa mwezi. Televisheni ya wati 50 kwa saa hizohizo hula saba na nusu. Ongeza pasi mara chache na simu: jumla ni kama uniti 16, karibu shilingi 2,000. Akivuka 75, kila uniti ya ziada ni shilingi 350 kabla ya kodi, kwa hiyo anayefunga hita ya maji ajue anachokifanya.

Mteja akiona uniti pungufu, aangalie risiti kabla ya kulaumu mita. Kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida inayostahili kutozwa.

Inawezekana kupikia umeme?

Maharage ndiyo ya kuanzia. Jiko la presha la umeme huyaivisha kwa takriban nusu uniti, na katika wilaya ambayo kuni hazikauki kwa miezi mingi, hilo ni pumziko kwa macho na mapafu ya mama. Tatizo ni bei ya jiko lenyewe.

Kwa nini mvua ikinyesha umeme hukatika?

Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Udongo wa volkano ukilowa, nguzo huinama; migomba na miti huangukia nyaya; radi nazo hupiga. Laini ndefu inayopita milimani ikiguswa mahali pamoja, vijiji vingi huzima. Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115 limeondoa upungufu wa umeme nchini, lakini halikati tawi lililolala juu ya waya. Mkulima asipande mparachichi chini ya laini. Na waya ulioanguka usiguswe hata kama unaonekana umekufa. Shirika la umeme, TANESCO, lipigiwe simu mara moja.

Mwombaji aanzie wapi?

Maombi hupitia mfumo wa TANESCO uitwao NIKONEKT, kwa simu, au katika ofisi zao, na namba ya kitambulisho cha NIDA inahitajika. Malipo hufanywa kwa namba ya malipo ya serikali pekee. Yeyote anayetaka fedha mkononi ili nguzo ifike haraka asipewe hata senti, na jina lake lipelekwe ofisi ya kijiji siku hiyohiyo.